Gari la Kuku

Kibondo, Jumanne 2 Septemba 2014

Nimetoka kidato cha pili na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Maji hakuna tena. Nimenawa kwa kikombe kimoja.

Mama amepiga simu kutoka Kasulu. Jambo lile lile. Mama mkubwa, dada yake aliyeko Kumsenga, hali tena ugali, anakunywa uji kidogo. Mama anataka kwenda kumwona kabla ya mvua. Nyonga yake haipandi basi tangu alipoanguka bafuni mwaka jana. Pikipiki daktari amekataza. Leo anasema atapanda pikipiki. Nimemfokea. Kisha nimekaa kitandani nikijichukia.

Mzee Mussa, mwenye duka la vitenge pale Kasulu, anauza gari lake dogo. Bovu bovu. Leseni ninayo tangu chuo, Morogoro. Sijawahi kuitumia.

Kasulu, Jumamosi 6 Septemba

Nimeliona. Jeupe, milango miwili, limeegeshwa uani kwa Mzee Mussa kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Shokapu za mbele zimekufa. Taa moja inashikiliwa na utepe wa gundi. Na kwenye kiti cha nyuma kuna kuku anaatamia mayai.

Si mzaha. Niliomba liwashwe nisikie injini. Mzee Mussa akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mwalimu, kuku yuko kazini. Siku tisa tu, ataangua."

Babu yake alitoka Kilwa, na Kiswahili chake ni laini kiasi kwamba mtu unakubali kabla hujajua umekubali nini. Nikakubali.

Fundi wake, Nyandwi, wa rika langu, alifungua boneti. "Gasketi tu, dada. Na rejeta tu. Bushi nazo, lakini hizo ni bushi tu." Ningekuwa na uwezo ningelifuta neno "tu" katika lugha hii.

Gari linachemsha. Hilo alilisema mwisho, kwa sauti ndogo, akiwa ameshafunga boneti.

Kibondo, Jumatano 10 Septemba

Ofisi nzima ya walimu imejua. Wanaliita bebiwoka, kigari cha kumfundishia mtoto kutembea. Mwalimu wa Jiografia ameniuliza mbele ya watu kama kuku yumo kwenye bei.

Kaka Gervas amepiga kutoka Dar. Anasema nikodi gari la mtu siku moja, yaishe. Kukodi ni kwenda mara moja. Kwenda mara moja ni kwenda kuaga. Mama hataki kuaga. Anataka kwenda, arudi, aende tena. Sikumweleza. Nilisema mtandao unakatika, nikakata mwenyewe.

Ukweli ambao simwambii mtu: nalitaka. Nataka kitu kinachoondoka ninapotaka kuondoka. Hata hiki ambacho hakiondoki.

Kibondo, Jumatatu 15 Septemba

Kuku ameangua. Mzee Mussa amepiga mwenyewe kunijulisha, kwa furaha ya baba mzazi. Vifaranga kumi na mmoja.

Tumepatana. Nyandwi atabadilisha gasketi wiki hii kwa gharama ya mwenye gari. Nitalijaribu Jumamosi kwa safari ya Kumsenga na Mama. Nikirudi nitasema ndiyo au hapana.

Nilimwomba Mama asimwambie dada yake kitu bado. Ameshamwambia.

Kasulu, Ijumaa 19 Septemba

Nimefika kwa Mama jioni, kichwa kinaniuma. Nimemtumia Nyandwi ujumbe: "Gasketi vipi?" Amejibu neno moja: "Ejo."

Kiha hicho. Ejo, jana. Neno hilo nalijua, Mama hulitumia kila siku akisimulia mambo. Basi gari tayari. Nimejibu "Urakoze", asante, nikajiona mwenyeji kweli kweli.

Mzee Mussa yuko Kigoma, amefuata mzigo. Mkewe atanipa ufunguo alfajiri.

Kasulu, Jumamosi 20 Septemba

Hasira.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama mbele, kiti kimelazwa, mto chini ya nyonga. Manyoya ya kuku yaliruka kila nilipokanyaga breki. Saa nzima lilikwenda. Niliimba! Kisha kwenye mlima mshale wa joto ukapanda wote, mvuke ukafumuka kwenye boneti, likazima.

Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne. Mtandao hakuna. Wanawake waliokuwa wakienda shambani walisimama, wakapiga makofi taratibu wakitusalimu kwa Kiha, "Mwidiwe", na Mama akawaitikia akiwa amelala kitini kama malkia. Wakatuletea maji ya mtoni. Nikayamimina kwenye rejeta. Yakamwagika yote chini. Wakaleta mengine. Yakamwagika. Mmoja akamwambia Mama kitu kuhusu mimi, wakacheka wote. Sikuelewa. Nikacheka nao, jambo la kijinga kuliko yote niliyofanya hadi saa ile.

Saa tano Nyandwi akatokea na pikipiki, gasketi mpya ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Dada, umeiba gari la watu!"

Alifika kwa Mzee Mussa saa mbili kufanya kazi yake. Akakuta vifaranga peke yao uani, na mke wa Mzee akamwelekeza njia tuliyoshika. Nikamsogezea simu usoni, asome alichoniandikia. Akasoma bila haraka.

"Ndiyo. Ejo. Leo ndiyo hiyo ejo."

Mama alicheka hadi akashika nyonga. Ejo ni jana. Ejo pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachosema ni ipi, na ujumbe ule haukuwa na kitenzi.

Nina shahada ya lugha. Wazazi wangu wote wawili ni Waha. Baba alikataza Kiha nyumbani, Tabora, ili tufaulu shule. Tumefaulu. Swali moja lingetosha jana. Sikuliuliza kwa sababu sikutaka mtu wa gereji ajue kuwa sijui.

Lori limetuvuta kwa kamba hadi Kasulu. Mama amefurahia njia nzima.

Silinunui.

Kasulu, Jumapili 21 Septemba

Binti wa Mama mkubwa amepiga kutoka Kumsenga. Mama yake alikaa nje kwenye mkeka jana hadi jua likazama. Walimwambia aingie ndani, akasema gari za siku hizi huchelewa. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Nimemwambia Mama kuwa gari lile ni kopo na nimeachana nalo. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua. Alipomaliza ungo mzima akasema, "Kiti kile hakikuniuma." Akaenda jikoni.

Kibondo, Jumatano 24 Septemba

Insha arobaini nimesahihisha, sikumbuki hata moja.

Najaribu kuona nimekasirikia nini hasa. Gari halikunidanganya. Nyandwi aliniambia linachemsha siku ya kwanza, nami nikasikia "tu" zake nikaacha hilo. Nililolikasirikia limekaa hapa kwenye kiti na kalamu mkononi.

Nimempigia. Gasketi ameweka. Nimemuuliza kwa Kiswahili kitupu: ameweka siku gani, tarehe ngapi, saa ngapi, na baada ya hapo limekwenda wapi.

"Dada, unanihoji kama polisi."

Akajibu yote. Jumatatu, tarehe ishirini na mbili, saa nane mchana. Ameupanda nalo mlima ule ule mara mbili, mshale umekaa katikati. Rejeta ameziba. Bushi bado, zitagonga, nisishtuke. Shokapu bado. Hakusema "tu" hata mara moja.

Kasulu, Jumamosi 27 Septemba

Nimelinunua. Akiba yote imeondoka, na sijisikii shujaa. Najisikia mtu aliyenunua kelele.

Mzee Mussa alitaka kunipa na kuku. Nimekataa. Akanisihi. Nimechukua kifaranga kimoja, cha Mama mkubwa. Gervas nitamwambia akiuliza.

Kumsenga, Jumapili 12 Oktoba

Tulifika jana saa saba. Bushi ziligonga njia nzima. Mshale ulikaa katikati. Nilisimama mara tatu kuangalia maji ambayo hayakupungua.

Mama mkubwa amekonda, lakini alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Mama akataka kushuka, dada yake akamzuia. Akazunguka, akaingia upande wa dereva, akalaza kiti. Hawakutoka hadi chakula kilipoiva. Leo baada ya ibada wamerudi tena humo, milango wazi, miguu nje, kifaranga kimefungwa kamba kwenye kitasa.

Imenyesha kidogo. Udongo unanukia.

Nimekaa barazani nikiandika. Wanaongea Kiha na sauti zao ni za chini. Nasikia "ejo". Tena "ejo", kisha wanacheka. Niko mbali nao, vitenzi havinifikii.