Merritt Amenivua Kazi

Shamba la Baumgart,
Kaunti ya Loomis,
Februari 9, 1915.

Mpendwa dada Philena,

Hujambo huko Oregon? Shemeji je, na watoto, na kile kifua chako kimetulia? Sisi wa huku ni wazima wa mwili. Mama anakula uji wake wa shayiri vizuri, ila miguu inamsumbua na baridi hii. Ludwig mzima, ng'ombe wazima. Theluji imefika madirishani. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo, dada, na nimeshayamaliza.

Magazeti ya huko hayaandiki habari zetu, basi bora uzisikie kwangu. Sina kazi. Nimekaa kwenye kiti cha msimamizi wa shule za kaunti mwezi mmoja tu, nikatolewa, na aliyenitoa ni Merritt, mdogo wetu wa tumbo moja.

Usidhani nimechanganyikiwa. Novemba nilimshinda Bwana Tuttle kwa kura nyingi, wake kwa waume, maana kwenye mambo ya shule hata sisi wanawake huku tunapiga kura. Tuttle hakukubali. Akachimbachimba mpaka akagundua kwamba Ludwig, mume wangu, hajamaliza kuapa uraia, ana zile karatasi za kwanza tu, za kuahidi. Na kumbe tangu mwaka 1907 kuna sheria ya serikali kuu ya Washington kwamba mwanamke akiolewa na mgeni, naye anakuwa mgeni. Sisi tulioana 1909. Nani alitwambia? Mchungaji alitufungisha ndoa, tukala keki, nikarudi nyumbani Mjerumani bila kujua. Mimi, ambaye hata bahari sijaiona!

Tena sikia kituko. Ludwig aliyezaliwa ng'ambo, kwa zile karatasi zake za kwanza, jimbo linamruhusu kupiga kura. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, kwenye nyumba ya matofali ya udongo uliokatwa na majani yake, siruhusiwi tena hata kura ya shule.

Basi kaunti ikapeleka swali makao makuu, kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Watu wakanipongeza mapema. Wakaniuliza wasiwasi wa nini, mwanasheria mkuu si ndugu yako? Nami, mjinga, nikalala usingizi.

Wewe uliolewa mapema ukaenda zako, hukuyaona yote. Merritt nilimfundisha kusoma mimi, kwa katalogi ya mbegu, maana kitabu kingine hatukuwa nacho. Baba alipofariki nikaenda kufundisha shule za mashambani ili yeye asomee sheria. Alipokuwa mwendesha mashtaka wa kaunti hii, akawabana wenye maghala ya ngano waliokuwa wakiwapunja wakulima kwenye mizani, mimi ndiye niliyezunguka shamba hadi shamba kuwabembeleza mashahidi wasiogope. Kwa kesi ile jimbo zima lilimjua, na ndiyo iliyompa uanasheria mkuu. Wajumbe wa chama walikula hapa kwangu, nikawapikia na mafua yangu. Sisemi haya ili anilipe. Nataka ujue nilimwamini kiasi gani.

Alikuja mwenyewe kwa treni, Jumapili, kabla gazeti halijatoka. Kwa hilo namsifu. Akala kuku, akamtania Mama kuhusu meno yake mapya, Ludwig akampa sigara. Kisha akanifuata jikoni, akaniambia kwamba sheria iko wazi na ameshatia sahihi nitolewe.

Sikulia. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Merritt, mwanamke huyu angekuwa mtu baki, ungeandika hivyo hivyo?"

Unamjua, uongo hauwezi, ndiyo sifa yake jimbo zima.

"Hapana, dada," akasema. "Angekuwa mtu baki ningetafuta njia, na njia ipo. Ningesema kura zibaki halali, mumewe apewe muda aape. Lakini wewe ni dada yangu, na mwakani nagombea ugavana."

Kwa hiyo udugu ndio ulioniponza. Tangu siku ile moyo wangu umekufa, sina namna nyingine ya kukueleza.

Magazeti yanamsifu kwamba hapendelei hata damu yake. Juzi mchungaji kamtaja mimbarini, watu wakageuka kunitazama huku wakitabasamu, utadhani na mimi nimetunukiwa kitu. Bibi Haskell wa duka la vitambaa akanishika mkono mlangoni, akasema tuna bahati kuwa na mtu kama yule. Nikamwambia ahsante. Ningesema nini?

Ludwig anajilaumu. Alikwenda kuomba aape, karani kamwambia asubiri, na kwa vita hii ya Ulaya Mjerumani anatazamwa kwa jicho baya. Tuttle ameshahamia ofisini. Mama hatujamwambia, anadhani nimepumzika kwa ajili ya baridi.

Sasa Merritt anataka nikae naye jukwaani kwenye mkutano wa chama, watu waone hatuna kinyongo. Nimekubali. Usinigombeze, Philena. Shule wameninyang'anya, watoto sikujaliwa. Mtu yule ndiye kazi pekee niliyopata kuimaliza maishani. Nikimwangusha, nitakuwa nimeishi kwa ajili ya nini?

Nisalimie shemeji Josiah, watoto wote, na shangazi Delphine ukimwona. Mama anakubusu. Merritt hakuacha salamu zako, namtolea mimi, nimezoea. Mungu awafunike huko mliko, na akupe wewe usingizi ulionipotea mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Orpha