Kibali Ulichokikataa

Yasini,

Sianzi kwa salamu. Nina hasira na wewe, na hasira hiyo haikuisha makaburini wala kwenye arobaini yako, ambapo nilikula pilau na kuitikia dua kama watu wote. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nakusema, maana sina mwingine wa kumwambia haya.

Karakana yetu ya Nyamirambo bado ipo. Upande wangu nashona viti vya pikipiki kama zamani. Upande wako wa injini amepanga Mrundi mmoja mpole, anafanya kazi kimya kutwa nzima. Nauchukia ukimya wake. Wewe ulikuwa unanipigia kelele tangu asubuhi, nakuomba unyamaze, na sasa umenyamaza kweli.

Jumapili iliyopita wenzetu wa pikipiki za milimani walikutana kwenye kibanda cha chai, kule chini ya msitu, kujadili kama kibali cha kuendesha njia za msituni kinastahili kulipiwa tena mwaka huu. Unajua nani alishinda mjadala? Wewe! Wamebandika picha yako kwenye matangi yao. Kila aliyesimama alisema, "Yasini hakulipaga, na nani alimushinda kwa mlima?" Kisha wakarudia ule msemo wako: "Hii njia iko ya mbuzi. Mbuzi analipaga?" Wakapiga makofi. Nilitamani kuvunja vikombe vyote.

Nikupe kwanza haki yako. Wenye msitu wanachukua pesa na hawaondoi hata jiwe moja. Choo chao kimefungwa tangu tukijue. Kile kikanda cha plastiki wanachokufungia kwenye usukani ukilipa hakizuii tairi kuteleza. Uliyasema hayo yote, na yote ni kweli. Lakini kuna kitabu, Yasini. Mlinzi wa getini anaandika jina lako ukiingia, analikata ukitoka, na jioni jina lisilokatwa linafuatwa msituni na watu wawili wenye kamba. Hicho ndicho tunacholipia. Nilikuambia mara ngapi? Sikio la kufa halisikii dawa.

Wewe ukajiona mjanja. Mimi nipite getini na kibali changu, wewe uzunguke kwa njia ya wachoma makaa, tukutane juu kwenye mikaratusi. Kutoka vilevile, kila mtu kwa mlango wake. Mlinzi akiniuliza, "Uko na nani?" namjibu, "Niko peke yangu." Miaka yote nilisema uongo huo bila kupepesa macho. Nauweka juu yako, ingawa mdomo ulikuwa wangu.

Siku ile ya mwisho tuligombana kule juu kwa sababu hiyohiyo. Uliniita mwoga wa karatasi. Ukatia gia ukashuka bila kuaga, simu umeizima kama kawaida yako. Mimi nikatoka getini, jina langu likakatwa. Nikakungoja kwenye chai. Hukuja. Nikasema moyoni, amenuna, amekwenda kwake, na akae hukohuko. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikala. Mkeo Mwamini alikuwa kwao Rwamagana wiki ile, kwa hiyo hakuna aliyeuliza uko wapi.

Mchoma makaa aliyeikuta maiti yako bondeni kesho yake, kando ya pikipiki, aliniambia ulikuwa umevua shati ukaufunga mguu uliovunjika, fundo zuri, la mtu mwenye akili zake. Kwa hiyo baada ya kuanguka ulikuwa hai. Ulilala pale bondeni ukijua kwamba mimi najua uko msituni. Ulikuwa unaningoja, mshenzi wee, na mimi nilikuwa nakula!

Sasa sikia hili. Nilimwambia Mwamini kwamba siku ile tulikwenda kila mtu kivyake, na kitabu kinanishuhudia: niliingia peke yangu, nikatoka peke yangu. Alinishika mkono akasema, "Shemeji, Mungu alikukinga, mungekufa wawili." Kila Ijumaa ananiletea sambusa karakanani. Nazila na kumshukuru.

Pale kwenye chai walinitaka niseme neno, kama rafiki yako. Nikasimama, nikasema, "Lipeni." Wakauliza kwa nini. Nikasema lipeni tu, nikakaa, wakacheka. Sababu ninayo, lakini siwezi kuitoa bila kujifichua mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili ijayo watapita njia ya wachoma makaa, kundi zima, eti kwa heshima yako. Hakuna jina hata moja litakaloandikwa. Jana sikuweza kushona, sindano ilinichoma mara tatu.

Sijakusamehe. Mungu ni mwingi wa rehema, mimi ni mshona viti. Hata hivyo nakukumbuka, hasa asubuhi ninapofungua mlango, na hilo nalo linanikasirisha.

Haya, pumzika huko uliko. Ahadi yangu ni hii: leo baada ya alasiri nakwenda kwa Mwamini, na kesho kwa hao wenye picha zako. Yeye kwanza, asije akasikia kwa watu. Akinitupia kiatu, nitakiokota nimrudishie. Nitamwambia tulikuwa wawili, na mmoja alikwenda zake.

Hamza