Marahaba ya Mzee wa Daudi

Jumatano, Mbulu

Bado inaniuma. Leo nimekagua makao ya wazee ya hapa mjini na kujaza fomu yote ya ukaguzi: mashuka safi, uji wa moto, dawa zipo. Chini nikaandika "huduma nzuri", nikasaini.

Katika chumba cha mwisho nilikuwa naangalia kama paa linavuja. Mzee mmoja, mkulima wa kijiji cha Daudi, alikuwa amekaa kitandani amevaa koti lake. Akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Nikadhani amechanganyikiwa. Muuguzi akacheka. "Huyo humjibu kila anayepita, dada. Anangoja mwanawe aje kumchukua. Mzoee tu."

Nilipofika kwenye gari ndipo nikaelewa. Sikuwa nimemwamkia. Na asubuhi nzima sikumsikia mfanyakazi hata mmoja akimwamkia mzee yeyote. Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi...

Nikarudi mbio. Nikainama mbele yake. "Shikamoo, baba."

Akafunga vifungo vya koti, akachukua fimbo yake, akasimama.

"Umechelewa sana, mwanangu," akasema. "Haya, twende nyumbani."