Kwa Kaveke Mutinda, Aliyetaka Kungoja Maji Yashuke

Mwaka umezunguka, Mama Kalunde, tangu ile Jumamosi ulipopanda pikapu ya dereva Ishmael kwenda Mashuuru kusikiliza kwaya ya akina mama, na mto ukawachukua nyinyi wawili mkirudi. Nyumba ya Noonkopir bado iko. Redio yako iko pale dirishani, na haina mtu wa kugombana nayo.

Maana wewe uligombana na redio. Mpiga gitaa akikosea ulimjibu kama ameketi jikoni kwetu. Hata mimi hukuniacha. Nikichomelea mageti hapo nje, ulitoa kichwa ukasema, "Baba Kalunde, hiyo grinda leo inalia, haiimbi. Angalia jiwe." Naangalia, jiwe la kusagia chuma limeisha. Mpaka leo najiuliza ulikuwa unasikia nini ndani ya hiyo kelele yote.

Wanaokujua kwa gazeti hawajui ulivyoanza. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, ukipiga taipu kwa ofisi moja Athi River. Uliandika kwa gazeti kwamba bendi iliyocheza Kitengela ilikuwa na nyuzi imelegea usiku kucha na hakuna aliyejali. Wakachapisha. Githongo, mwenye hiyo bendi, akafika mlangoni na gitaa lake, amefura.

"Mama, umenimwagia unga."

Ukamwekea chai. "Kaza nyuzi ya pili, halafu unitukane vizuri."

Akakaza. Akapiga kidogo, akauliza kama kuna chai ingine. Baadaye ni yeye alikuwa akikutafuta uje usikilize kabla hajarekodi, na gazeti likakupa ukurasa wa muziki.

Bendi ikicheza hotelini, hukuketi mbele na wageni. Ulipita nyuma ya hoteli, kwa wale akina mama wa kuosha vyombo. Ulisema mtu wa mbele amelipa, lazima apige makofi. Lakini mwosha vyombo akiachilia sufuria asikilize, hiyo bendi iandikwe. Mimi nilicheka. Halafu ukanipeleka Matasia, bendi ikaanza, na nikasikia sufuria zimenyamaza kweli.

Kitabu chako cha safari nacho ni hivyo hivyo. Wengine wanaandika hoteli na simba. Wewe ulizunguka Kajiado nzima ukiandika soko gani kengele za ng'ombe zinalia namna gani, kanisa gani kwaya huanza bila kungoja mchungaji, na wapi wakikuambia "sopa", ile salamu ya Kimaasai, usikimbilie kujibu, kwanza simama. Mimi shule iliniachia darasa la nne, kwa hivyo Kalunde hunisomea. Kuna pahali umemwandikia msafiri: ukikuta mto umejaa, kaa chini, agiza chai.

Ndiyo sababu sikuelewa yaliyoandikwa baada ya mazishi. Gazeti lako, lile lile, lilisema wakubwa wa barabara walikuonya usivuke, ukakataa, ukamlazimisha dereva kwa sababu ulikuwa umechelewa. Watu wakaja kunipa pole wakisema ulikuwa mbishi. Kavata, mama yake Ishmael, akaacha kunisalimia kanisani. Ningemlaumu vipi? Alikuwa amezika mtoto, na ameambiwa ni wewe.

Lakini nilijiuliza. Wewe, haraka ya nini? Hata chakula kilikuwa kinapoa ukiuliza maswali.

Nikafunga kazi, nikaenda Mashuuru. Hapo kwa daraja la chini, lile la simiti ambalo mvua ikinyesha maji hupita juu yake, kuna mama anauza chai, anaitwa Asho. Nilipotaja jina lako akaweka birika chini. Alikuwepo. Aliona yote. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nani aliniuliza, mzee?"

Sasa nimemwuliza, na nataka wote wanaosoma wajue.

Asho anasema mlifika maji yakiwa yamefunika barabara. Ukaketi kwa benchi yake, ukaagiza chai yako na ya Ishmael. Ukamwomba azime redio. Ukasikiliza mto muda, kisha ukamwambia, "Hii maji imebadilisha sauti. Bado inapanda. Sisi hatutoki hapa."

Halafu akaja ofisa wa barabara. Nyuma yake kulikuwa na magari ya wakubwa yanakuja, wametoka kufungua mradi, na alitaka kujua kama yatapita. Hakutaka kujua kwa miguu yake. Akamwambia Ishmael atangulie na pikapu. Wewe ukamweleza juu ya sauti ya maji. Akacheka mbele ya watu.

"Mama, wewe kaa na muziki wako. Barabara niachie mimi."

Akamwambia Ishmael akikataa asahau leseni. Ishmael leseni ndiyo ilikuwa shamba lake. Akawasha gari. Wewe hakuna aliyekulazimisha kupanda, Kaveke. Chai yako ilikuwa bado moto. Asho alikushika leso, na anasema ulimwambia hivi: "Huyu nimemleta mimi. Siwezi kumwacha kwa maji peke yake."

Magari ya wakubwa yaliona pikapu ikienda na maji, yakageuka, yakapita njia ingine.

Nilienda kwa ofisi yao ya barabara. Wakaniambia faili imefungwa. Huyo ofisa nasikia amepandishwa cheo. Sijui walimpandishia nini, labda kwa kuvuka bila kulowa. Nikaenda kwa gazeti. Mhariri akasema pole sana mzee, habari za mwaka jana haturudii. Nikamwuliza, na ukurasa wa kumbukumbu? Akasema huo ni wa familia, familia inaandika maneno yake.

Basi haya ndiyo maneno yetu. Hukuonywa. Wewe ndiye ulionya. Ulitaka kungoja.

Kabla sijayaleta hapa nilienda kwa Kavata, nikamrudishia yote jinsi Asho alivyoyasema. Alinisikiliza amesimama, mkono kwa mlango. Nikamaliza, nikageuka niende. Nimefika kwa geti akaniita, akaniuliza kama kwa gazeti kuna nafasi ya jina moja zaidi.

Unakumbukwa na mume wako Mutinda wa Noonkopir; binti yako Kalunde; kaka yako Kyule na jamaa wote wa Machakos; Asho wa Mashuuru; na Kavata, mama yake Ishmael.

Siku zetu zote tutakutaja.