Uji wa Alfajiri na Kidonge cha Tezi

Juba, 3 Machi 2025
Asubuhi: joto tangu kabla ya jua, hakuna upepo, vumbi limesimama hewani.

Mama mpendwa,

Habari za Busia? Goti limepoa? Mimi naamka na kutembea, namshukuru Mungu. Ningeandika kwamba niko sawa, lakini ulisema hayo ni maneno ya simu, na karatasi ni ya kusema kweli. Basi nasema kweli.

Wiki iliyopita nilirudi kliniki, kule Malakia. Daktari Wiyual alisoma kipimo cha damu, akakisoma tena. Tezi ya shingo bado imelala, haitoi homoni ya kutosha, na kidonge kinachotakiwa kuijazia hakijafika panapohitajika. Mama, sijaruka hata siku moja. Kila asubuhi naandika kwenye shajara yangu kwamba nimemeza. Alinianzishia mikrogramu hamsini, akapandisha hadi sabini na tano, na sasa ameandika mia moja. Anasema dawa hii ni ya maisha, kazi iliyobaki ni kupata kipimo changu.

Baridi naisikia mimi peke yangu. Juzi soko zima la Custom linatokwa jasho, mimi nimejifunga leso mabegani, kichwa kimelala juu ya mashine ya kushonea. Jolly wa kibanda cha mitumba, yule jirani yangu wa Mbarara, akapaza sauti: "Kisakye! Wewe iko nashona ama iko nalala? Hiyo mashine naona inakubembeleza!" Watu wakacheka, nami nikacheka kwa ile sauti yangu nzito iliyoniingia, wakacheka zaidi. Lakini siku hiyohiyo nilishona suruali ya mtoto wa shule nikaziba mfuko mmoja kabisa. Mwenye suruali alisema "malesh, malesh", eti si neno, na hajarudi.

Unga wako wa uji Fred ameufikisha salama na gari lake. Kidonge nakimeza na uji wake alfajiri, kama ulivyoniagiza.

Naomba usirudie habari ya kunichukua nirudi nyumbani. Kibanda hiki nimekihangaikia miaka minne. Kuna shule mpya huku Kator imenipa sare za darasa la kwanza. Zikitoka vizuri, watanipa za shule nzima. Nikiondoka sasa, nafasi hii inakwenda kwa mwingine.

Macho yanafumba yenyewe. Nalala saa moja na nusu, kuku wa jirani ndio kwanza wameingia bandani.

Binti yako,
Kisakye


Busia, 17 Machi 2025

Kisakye mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa sokoni. Goti ni goti tu, liache. Wewe ndiye wa kuulizwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na hasira. Mwanamke mzima analala saa moja na nusu kama kifaranga! Na huyo Jolly mwambie akija Busia nitamkalisha kwenye mashine ya kusaga nimcheke na yeye.

Nimeongeza soya kwenye unga, na karanga, na dagaa kidogo. Nimesimamia mwenyewe mpaka ukatoka laini kama poda. Wateja wangu wananyonyesha watoto wanene kwa unga huu, sembuse wewe. Kunywa kikombe kikubwa, kile cha bati nilichokupa, si hivyo vikombe vyenu vya kahawa huko Juba. Na dawa isiutangulie uji. Babako, Mungu amlaze pema, alimeza dawa ya malaria na tumbo tupu akaanguka pale mlangoni, nikamwokota kwa mikono hii.

Kuhusu kibanda: kibanda ni mbao na mabati. Mbao na mabati viko hata hapa. Mwezi wa saba ukikukuta bado uko hivyo, napanda gari nakuja kukuchukua. Sikutishi, nakuarifu.

Vaa soksi.

Mama yako


Juba, 12 Mei 2025
Asubuhi: mvua ya usiku imekatika, tope hadi mlangoni, mbingu nyeupe.

Mama mpendwa,

Shikamoo na salamu za upendo. Nimefurahi kusikia kwenye simu kwamba mashine yako ya kusaga iliyoharibika imepona. Soksi nimevaa.

Damu imepimwa tena. Imesogea kidogo mno, kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Daktari Wiyual aliniuliza kama kweli namaliza dawa. Nikamfungulia shajara nikamwonyesha tarehe zote. Akaona haya kuniuliza, nami nikaona haya kuulizwa. Amepandisha hadi mia na ishirini na tano.

Shule imeleta kitambaa cha darasa la kwanza, rangi ya buluu. Nakata asubuhi, ndiyo saa yangu ya nguvu, mchana nashona polepole. Ukosi mmoja nimeufumua mara tatu. Mwalimu mkuu anazitaka kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Najua mwezi huohuo wewe nawe umeniwekea.

Fred amenitumia ujumbe kwamba gari lake limekufa injini, liko gereji Gulu, na hajui litatoka lini. Unga umebaki wa siku mbili. Usihangaike kumpa mtu baki. Nitameza kidonge kwa maji matupu mpaka Fred afike. Tumbo likichoma nitavumilia.

Nalala saa mbili kamili. Ona, nimeongeza nusu saa kwa ajili yako.

Binti yako,
Kisakye


Busia, 14 Julai 2025

Kisakye,

U hali gani? Nauliza kwa sababu hukuniambia. Miezi miwili bila barua, na kwenye simu ni "niko sawa, Mama, mtandao mbaya" halafu kimya.

Jolly amenipigia. Usimgombeze, nilimwachia namba yangu mwenyewe mwaka ule nilipokuja. Alisema, "Mama, Kisakye sasa hataki kulala kabisa. Iko natetemeka mikono, uzi haingii kwa sindano, mimi ndio namtungia. Na amekonda!" Nikaketi chini na simu mkononi. Mwezi wa tano unalala kama kifaranga, mwezi wa saba hulali kabisa. Hiyo ni dawa gani? Na uji hunywi, najua, unga uko hapa kwenye gunia unanitazama. Tangu uji ukatike ndipo mambo yakaharibika. Mimi si daktari lakini hilo naliona.

Gari la Fred limepona. Nakuja nalo Jumamosi ya tarehe 26. Nakuja na begi kubwa, tupu. Tutakunja vitu vyako, mashine tutaifunga kwa blanketi. Sare hizo mpe fundi mwingine amalizie.

Sina mtoto wa akiba.

Mama yako


Juba, 20 Julai 2025
Asubuhi: mawingu, manyunyu mepesi, hewa safi.

Mama mpendwa,

Shikamoo, Mama. Pole kwa kukuketisha chini. Sikuandika kwa sababu ningeandika ukweli, na ukweli ungekuleta na begi. Sasa soma polepole, umeketi.

Jolly hakudanganya. Mwezi wa sita moyo ulianza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu. Jasho, mikono kutetemeka, usiku nahesabu mabati. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani ndiyo nguvu inarudi. Nilikata sare kumi asubuhi moja! Halafu nikashindwa kutunga uzi. Nikaenda kliniki mapema mwezi huu.

Daktari akauliza, "Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Kidonge kilekile, saa ileile."

"Unakimeza na nini?"

"Na maji, Daktari. Tangu uji uishe."

Akaweka kalamu chini. "Uji gani?"

Nikamweleza: soya, karanga, dagaa, kikombe cha bati. "Nilikuambia kabla ya chakula," akasema. Nikamjibu kwamba uji si chakula, uji tunakunywa. Mama, alicheka mpaka nesi akachungulia. "Mama yako ana nguvu kuliko dawa yangu," akasema. "Miezi yote hii nimekuwa nakimbizana naye."

Kidonge hiki, Mama, kinataka tumbo tupu. Chakula hukishika, na soya hukishika zaidi, kisiingie kwenye damu. Kwa hiyo kilikuwa kinaingia kidogo, naye anapandisha. Uji ulipokatika, kikaingia chote kwa mpigo, nacho kilikuwa kimeshapandishwa kupita mwili wangu. Uliona sawasawa kwamba mambo yalibadilika uji ulipokatika. Sababu yake tu ndiyo hukuiona, nami sikuiona, wala yeye. Alisema kosa ni lake pia, angeuliza mapema.

Usije ukalia juu ya gunia. Ule uji ulinisimamisha siku ambazo sikuweza kutafuna. Nautaka, ila sasa nitaunywa saa kumi jioni, hapa kibandani. Jolly ameshaomba kikombe chake.

Dawa amesimamisha siku mbili, kisha akaniteremsha hadi sabini na tano, kwa maji, na chai baada ya saa nzima. Moyo umetulia. Mikono imetulia. Damu itapimwa tena mwisho wa mwezi wa nane, na huenda akagusa kipimo tena. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo.

Lakini sare sikumpa fundi mwingine. Nimezipeleka Ijumaa. Mwalimu mkuu alivuta mishono kwa vidole viwili, akageuza mifuko ndani nje, akatafuta kosa asilipate, mpaka nikamwonea huruma. Jana gari la shule limeshusha kitambaa cha shule nzima. Kimejaa kibanda, mimi nakaa mlangoni.

Kwa hiyo njoo, Mama. Jumamosi nitakungoja kituoni. Ila begi lisije tupu. Lijaze nguo zako za wiki mbili, na miwani, na ule unga. Vifungo ni vingi na mimi sina mikono ya kutosha. Ukiwa umeketi hapa na kuniona kwa macho yako, ukisema bado nirudi, tutazungumza. Usiamue ukiwa Busia.

Binti yako anayekupenda,
Kisakye

21 Julai, alfajiri. Mvua imeacha, jua linakuja. Nimefungua bahasha kabla dereva wa basi hajaichukua, kuongeza hili moja: jana nililala saa nne kasoro robo usiku, kama mwanamke mzima.