Drili ya Betri Uliyompa Njaka

Ambositra, Madagaska,
14 Juni.

Mpendwa dada yangu Voahirana,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hamjambo wewe na shemeji? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua kwenye ngazi za huko Saint-Denis? Sisi tu wazima. Mama alikuwa na kikohozi lakini kimeisha, na wiki hii anakula wali wake bila kubembelezwa.

Mzigo wako wa Pasaka ulifika salama. Sweta langu linanitosha, nimelivaa ninapoandika. Njaka alipofungua boksi lake akakuta drili ya betri, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Na mimi nikacheka, ila moyoni hapakuwa na kicheko. Mimi nina miaka ishirini na miwili katika useremala. Yeye, mdogo wetu, ana minne tu, na kazi nilimfundisha mimi. Nikapata sweta.

Karakana yetu ni moja, kwa hiyo naisikia mchana kutwa. Mimi nazungusha keekee ya mkono aliyotuachia baba, na kabla sijamaliza tundu moja Njaka ameshaingiza skrubu nne, tena anapiga mluzi. Madame Bao, yule muuza vitumbua wa sokoni, aliniletea mlango wa kibanda chake. Akasimama kidogo, akautazama mkono wangu, kisha akasema, "Fundi Solofo, wewe endelea kuibembeleza hiyo skrubu. Mimi nina wateja asubuhi." Akaubeba mlango hatua tano, akampa Njaka. Usiku ule sikula.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Unalikumbuka kabati la Mama, lile baba alilomtengenezea walipooana. Jumamosi iliyopita mlango wake uling'oka bawaba. Mama akamwita Njaka. Mimi nilikuwa nimekaa palepale.

Wewe ni mtoto wa seremala, unajua mbao ile ilivyo ngumu, na sasa imekauka miaka arobaini. Lazima utoboe kwanza tundu jembamba, ndipo skrubu ipate njia. Njaka amezoea misonobari laini ya vibanda. Akaweka skrubu moja kwa moja ukingoni, na ile pete ya namba shingoni mwa drili, ya kupunguzia nguvu, ameiacha kwenye nguvu zote. Nilimwona, dada. Neno lilikuwa mdomoni. Nikanywa kahawa.

Mlango ulipasuka kutoka bawaba ya juu mpaka katikati ya ua alilochonga baba. Mama alikaa kitandani, akapitisha kidole kwenye ufa. Baadaye akasema, "Kaka yako angeufunga kwa mkono." Miezi miwili nilikuwa nangoja kusikia maneno hayo. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikufika hata mlangoni.

Njaka aliirudisha drili kwenye boksi. Siku mbili hakuigusa. Akaniambia atampa mtu anayesafiri akurudishie, kwa sababu mashine ile ina nguvu za kijinga na yeye hana mkono wa kazi.

Jumatatu nikamfuata. "Njaka, nilijua itapasuka."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujabonyeza."

Akanigeukia. "Kwa hiyo ulikaa pale unakunywa kahawa."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mashine, kaka?"

"Kwa ajili ya mashine."

Nilidhani atanipiga, na nisingemzuia. Akasema tu, "Lete gundi." Tuliutia ufa gundi, tukaubana kwa kamba, na kutwa nzima hakunisemesha. Kesho yake nikamwonyesha jinsi ya kutoboa tundu jembamba na kuishusha pete mpaka namba ndogo. Akanitia drili mkononi. "Funga wewe. Mbao hii baba alikufundisha wewe."

Nikabonyeza. Dada, skrubu ilizama kama kisu kwenye papai bivu, na ilipofika mwisho mashine ikalia ta-ta-ta, ikajizuia yenyewe. Bawaba zilihitaji skrubu sita. Niliziweka zote, kisha nikazifungua mbili ili nizifunge tena. Kumwambia ukweli kulikuwa kugumu, lakini kumrudishia ile drili kulikuwa kugumu zaidi.

Ufa bado unaonekana ukiusogelea. Mama hajui kisa chenyewe. Njaka hakumwambia, na hilo linanichoma kuliko kama angenisema mbele za watu. Nitamweleza mwenyewe Jumapili tukitoka kanisani.

Kwa hiyo Njaka akikuandikia kwamba anataka kuirudisha, mkatalie. Mashine haina kosa, wala yeye. Nilitaka kuongeza kwamba mimi sihitaji ya kwangu. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili.

Mke wangu Lalao anakusalimu sana, na Mama anasema usiache kulikanda goti kwa maji ya moto. Tusalimie shemeji na binti yenu Fanja. Mungu aibariki mikono yenu na kazi inayopita humo.

Nduguyo akupendaye, pamoja na wivu wake,

Solofo