Vidole Vinne Begani

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo tangu alfajiri. Nimekunywa chai, nimepasha pikapu moto, nimepeleka kreti tupu hadi mistari ya chini. Nimerudi. Nimepeleka nyingine. Ndiyo kazi yangu miaka yote hii, kwenda na kurudi ndani ya shamba moja la zabibu hapa Mkonze. Ukiziunganisha safari zangu nadhani nimeshafika Misri, lakini getini sijatoka.

Saa nne Mama Neema, mwenye shamba, akaniita. Mtu aliyekuwa akija kuchukua zabibu kwa gari lake haji tena. Msimu huu tutazipeleka mjini wenyewe. Tunaanza kukata tarehe 25.

"Baba Hadija, leseni unayo?"

Nikasema ninayo. Sikudanganya.

"Ya kadi?"

Nikatazama matairi.

Amenipa wiki tatu. Nisipopata kadi ataleta dereva mwingine, nami nitashika mkasi wa kupogolea. Ndahani, mlinzi wa getini, alisikia yote. Jioni natoka, akanipigia saluti: "Kwaheri, dereva wa karatasi!"

Jumanne, 5 Agosti

Ofisi ya leseni. Nilivaa shati la Idi. Foleni ya vijana, wote wametazama chini, nikadhani kuna kitu kimedondoka. Kumbe simu.

Binti wa dirishani akaniamkia vizuri. Akaishika leseni yangu kwa ncha za vidole, akaifunua, akamwita mwenzake aje aone.

"Mzee, hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Mfukoni."

"Miaka yote?"

"Nilikuwa nakuja wiki ijayo."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli. Niliposikia mara ya kwanza kwamba za karatasi zinabadilishwa, nilisema wiki ijayo. Hadija alikuwa darasa la sita. Sasa ana mume.

Akanitajia vinavyotakiwa. Barua ya mwajiri. Namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya mlipakodi. Kujaribiwa barabarani na trafiki. Vyote vinapatikana. Kisha akataja la mwisho, kama mtu anayetaja hali ya hewa: hii ya zamani, yenyewe halisi, inabaki huku. Inaingia kwenye faili.

Nikaichukua. Nikairudisha mfukoni. Nikasema nimesahau kitu nyumbani.

Sikusahau kitu. Nyumbani hakuna kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike basi, maana hakuna ninayeweza kumwambia asinione nimechanganyikiwa.

Kondoa, wiki moja baada ya harusi yetu. Mpiga picha amebakiwa na picha moja tu kwenye filamu. Zainabu anataka ya ukumbusho, mimi nataka ya leseni. Tukapiga hiyo moja, tumekaa pamoja, mkono wake begani kwangu. Mpiga picha akasafisha nakala moja. Tulipofika nyumbani Zainabu akachukua mkasi wake wa cherehani, akaigawa. Akanifuata ukingoni mwa bega polepole kama anakata kola. Alipofika kwenye vidole vyake akasita. Akasema akivikata bega langu litabaki na shimo. Akaviacha. Vinne, hina bado nyeusi kwenye kucha.

Afisa wa siku zile aliitazama picha sana. "Huyu aliyekushika ni polisi?" Kisha akagonga muhuri.

Nusu yake ilikaa kwenye albamu, albamu kwenye sanduku, sanduku sakafuni. Hapo kosa ni langu. Mchwa wa Dodoma hawajui kusoma lakini hawaachi karatasi. Nilipofungua nilikuta udongo wenye umbo la albamu.

Zainabu hakupenda kamera. Ukimwelekezea anavuta kanga usoni, anacheka humo ndani. Alifariki kabla nyumba yetu haijajua simu ya picha. Mwaka wa kumi na sita huu. Kilichobaki cha kumwona ni vidole vinne, navyo viko kwenye hati ya serikali.

Nimezoea kuvigusa kwa dole gumba nikiwa nimesimama na gari. Sina sababu. Mkono unajiendea wenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Barua ya mwajiri nimepata. Namba ya mlipakodi nimepata.

Nimepita steshenari kutoa fotokopi. Uso wangu umetoka kama gunia la mkaa na vidole havipo kabisa. Nikarudi kwa Ndahani, yeye ana simu kubwa. Akapiga. Akakuza kwa vidole viwili, akakuza tena.

"Haya madoa ya chai ndiyo unayalilia?"

Nikamwambia ndiyo, madoa ya chai. Hakuuliza zaidi, lakini baadaye alinigawia karanga zake, jambo ambalo Ndahani halifanyi.

Hata kama vingeonekana, si sawa. Simu unashika kioo. Karatasi hii aliishika yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zimefungwa. Wenzangu wameenda viwanja vya maonyesho kutazama ng'ombe wanaonenepa kuliko watu.

Baada ya swala Hadija alipiga kutoka Mwanza.

"Shikamoo baba. Unakula?"

"Marahaba. Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula."

Akacheka, cheko la mama yake, linaanzia puani. Nilitaka kumwambia habari ya leseni. Nikamwambia habari ya upepo. Ana mambo yake. Dakika tatu, kisha mtoto akalia huko, akakata.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya ujinga. Niuandike wote.

Mchana nilichemsha birika. Wazo langu lilikuwa picha ibanduke kwa mvuke, wao wabaki na leseni yao, mimi nibaki na vidole vyangu. Serikali haihitaji vidole vya Zainabu. Nikashikilia karatasi juu ya mdomo wa birika. Ikalainika. Nikavuta. Picha ikatoka nzima, namshukuru Mungu, lakini muhuri ulikuwa umelala nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Sasa ni nusu mbili zisizojuana.

Mwanamume wa miaka hamsini na tatu, jasho usoni, anamkwepa binti wa dirishani kwa birika.

Picha nimeiweka ndani ya msahafu. Hapo hakuna mchwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka leseni isiyo na picha. Binti akatazama pale peupe.

"Picha iko wapi, mzee?"

"Imedondoka."

Limetoka hilo neno laini kabisa, na mimi mtu wa swala tano.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Leseni isiyo na picha si ya mtu yeyote. Itabidi niende polisi nikaandikishe upotevu, au nianze upya chuo cha udereva kama asiyewahi kuendesha, nikakae darasani, nisubiri cheti. Nikauliza itachukua muda gani. Hakujibu kwa tarehe. Alisema, "Muda, baba."

Tarehe 25 haiwezekani.

Nimerudi shambani kwa miguu kutoka barabara kuu. Vumbi. Mama Neema akauliza vipi. Nikasema inaendelea. La pili hilo. Nikiendelea hivi hadi mavuno nitakuwa mwongo mwenye uzoefu.

Jumanne, 12 Agosti

Ama kadi, ama vidole. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Bila kazi ya gari bado nitaishi, nitapogoa. Lakini najijua. Gari ndilo linalonitoa kitandani. Kwenye mistari ya zabibu watu wanaimba na kutaniana. Mimi nikikaa katikati ya watu wanaocheka ndiyo nasikia vizuri zaidi kwamba niko peke yangu.

Jioni nimepika ugali. Sikuwa na njaa, nilitaka gundi. Zamani tulibandika kila kitu kwa ugali: bahasha, madaftari, kalenda ukutani. Nimepaka kidogo kwa kidole, nimerudisha picha mahali pake, nimejaribu kuyakutanisha maduara ya muhuri. Yamepishana kama milango ya fundi mlevi. Nimelaza msahafu juu yake, kisha nikakumbuka adabu, nikautoa, nikaweka tofali.

Ugali uliobaki nimeula na chumvi. Sufuria ya watu wawili. Bado sijajifunza kupika ya mmoja.

Jumatano, 13 Agosti

Trafiki amenijaribu barabarani. Miaka yote hiyo sijakutana na taa za barabarani. Nilipotaka kuonyesha nakata kulia, nikawasha vifuta kioo. Siku ya jua kali.

"Unatarajia mvua, mzee?"

Nikasema Dodoma mtu hutarajia daima. Akasaini.

Alhamisi, 14 Agosti

Dirishani tena. Binti akaishika leseni, akaigeuza kwenye mwanga. Punje ya ugali ilikuwa imekauka pembeni mwa picha. Akaikwangua kwa ukucha.

"Juzi ilidondoka. Leo imeota?"

Watu nyuma yangu wakaguna. Nikaona sina pengine pa kwenda.

"Niliibandua, mwanangu. Nilisema uongo."

"Kwa nini sasa?"

Nikamwonyesha bega kwenye picha. Akainama akaitazama kwa muda.

"Vidole vya nani hivi?"

"Vya mama watoto. Marehemu. Picha nyingine sina."

Foleni ilisogea kusikiliza, na mimi ningelipa chochote wapige kelele. Binti hakusema pole. Aliandika kitu pembeni mwa fomu, akasema mkuu wake yuko safarini, atarudi Jumanne, yeye hana mamlaka ya kurudisha hati ya zamani. Mpaka hapo iko kwenye faili. "Siahidi, baba." Nikasema sawa. Ningeweza kuikwapua na kuondoka. Mkono ulitaka. Nikauweka mezani, nikaiacha.

Alama za vidole: mashine ikanikataa mara tatu. Kreti na udongo vimenilamba ngozi. Akanipa kitambaa nifute, akabonyeza kidole changu kwa kidole chake, ndipo ikakubali.

Kisha picha.

"Shusha bega la kushoto, mzee. Mbona umelipandisha?"

Nikashusha.

"Na ukae katikati ya kiti. Umeacha nafasi."

Nilikuwa nimeacha nafasi kweli.

Jumapili, 17 Agosti

Sijafanya chochote. Mfuko wa shati mwepesi. Nimepapasa kifua kama mtu aliyesahau miwani, na miwani sivai.

Jirani kaniletea uji wa uwele. Nikamshukuru mlangoni. Sikumkaribisha ndani. Sijui kwa nini. Nyumba ilikuwa imefagiwa.

Nimejaribu kukumbuka uso wa Zainabu mzima. Pua, naipata. Macho nayapata akikasirika tu. Vidole navikumbuka vyote kumi. Sasa hivyo vinne viko kwenye kabati la chuma, kati ya mafaili ya watu, na ofisi imefungwa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefika kabla hawajafungua.

Binti alinipa kadi kwanza. Ndogo, ngumu, inang'aa. Mtu aliyemo anafanana na mjomba wangu. Nikasaini. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Akafungua droo. Akasema mkuu amekubali nirudishiwe ile ya zamani, lakini ni lazima iharibiwe isitumike tena. Utaratibu ni kutoboa tundu, na tundu lipite kwenye picha. Akaweka karatasi kwenye chuma cha kutobolea. Nikaona kinakaa juu ya bega. Nikafumba macho. Hapo sifichi, nilifumba kama mtoto anayechomwa sindano.

Sikusikia mlio. Nikafumbua. Alikuwa ameitoa, anaigeuza juu chini, anapima kwa jicho.

"Samahani, mzee," akasema, akabonyeza.

Ametoboa uso wangu. Tundu safi, la mviringo, kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Bega lipo. Shati lipo. Vidole vyote vinne vipo.

"Nimekuharibu," akasema.

Nikamwambia hakukuwa na cha kuharibu, hata mama watoto alilijua hilo. Akacheka. Nikainama nikamshika mkono kwa mikono miwili, kama msibani, nikatoka.

Nimempigia Hadija. Mara ya kwanza mimi kupiga mwaka huu. Alishtuka, alidhani kuna ugonjwa. Nikamweleza kuhusu vidole. Hakuwa anajua kama vipo. Kisha akauliza, "Vya mkono gani, baba?"

Wa kulia.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumekata tangu saa kumi na mbili. Kreti arobaini. Ndahani alifungua geti pande zote mbili, akasimama wima. "Dereva wa kadi!" Nikampungia.

Barabara kuu mpaka mjini. Trafiki walikuwapo mahali pawili. Nilipunguza mwendo, nikaweka kadi tayari juu ya dashibodi. Hakuna aliyenisimamisha. Hata kunitazama. Nimeudhika kidogo.

Nimerudi mchana, gari tupu. Nilisimama kando kabla ya kukata kuingia Mkonze. Upepo umetulia leo. Nikazitoa zote mbili, kadi na karatasi. Nikaweka kadi nyuma, nikaisogeza mpaka uso mpya ukatokea kwenye tundu la ule wa zamani. Haukukaa sawa. Umezeeka, na umeangalia pengine. Lakini vidole vilikuwa begani kwake.

Hadija anasema atakuja Desemba na mtoto, avione. Huenda. Ana mambo yake.

Nimepika ugali. Umebaki.